Mume Wangu Ananyonga Baiskeli, Mimi Nakula Keki

Mpendwa Bi Almut,

Naomba unisaidie kwenye ukurasa wako wa gazeti kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi wanakuja watu kutoka Hamburg kununua baiskeli yetu, na wakiichukua nitakuwa nimemvunja mume wangu kwa uzito wa makalio yangu mwenyewe, na hakuna mtu ninayeweza kumweleza jambo hili, si kanisani wala kwenye kwaya, bila watu kunicheka mpaka Krismasi.

Mimi na mume wangu, tumwite Hinrich ingawa hapa Stade mtamjua tu, tuna baiskeli ya watu wawili, yeye mbele kwenye usukani na mimi nyuma, na kila Pentekoste tunatoka bandari ya zamani, tunafuata tuta la kuzuia mafuriko ya mto Elbe taratibu bila haraka ya mtu, tunalala njiani, na kesho yake tunafika Cuxhaven pua zimeungua na jua, tunakula mkate uliojazwa samaki na kuingiza miguu baharini kama maji yapo, na kama yamekupwa tunaingiza kwenye tope. Ndiyo sikukuu yetu, hatuna nyingine. Wenzetu wanapanda ndege kwenda kisiwa cha Mallorca, sisi Cuxhaven, na nilikuwa naringa kwa hilo.

Sasa dhambi yangu ni hii. Kuna mwaka nilipasuliwa goti, daktari akanikataza kukanyaga kwa nguvu, na Hinrich akasema, "Wewe weka miguu tu, bibie, mimi nipo." Pedali za baiskeli hizi zimeunganishwa, wa mbele akizungusha na za nyuma zinazunguka, na miguu yako iko juu yake, kwa hiyo ukiangaliwa na mpita njia unaonekana mchapakazi hasa. Goti likapona kabla ya msimu wa matufaha. Mimi sikupona. Mwaka uliofuata nikajiambia nitakanyaga tukifika kwenye kivuko cha Wischhafen, tukafika, nikasema baada ya kahawa, baada ya kahawa nikasema upepo huu nao umezidi, na tangu hapo, Bi Almut, sijakanyaga hata mlimani, na unajua kwamba huku kwetu ni tambarare, mlima ni daraja tu.

Huko nyuma nafanya nini? Naimba nyimbo za kwaya. Naangalia meli. Nakula keki ya siagi, ambayo Hinrich mwenyewe huamka kwenda kuinunua duka la mikate, akaifunga kwenye mkoba nyuma ya kiti chake, yaani mbele ya pua yangu. Kazi yangu ni mageti. Juu ya tuta hakuna gari wala pikipiki, ni kondoo tu, na kila mpaka wa malisho una geti, basi nashuka, nafungua, baiskeli inapita, nafunga, na nikirudi kwenye kiti nahema kwa makusudi.

Na Hinrich ni mtu mwangalifu, baiskeli ile anaipaka mafuta kuliko anavyonipaka mimi mgongo, na ule mwaka baada ya goti alifunga hata kioo kidogo kwenye usukani ili aangalie magari. Mume wa namna hiyo ndiye niliyemfanyia haya.

Pentekoste iliyopita upepo ulitupiga usoni tangu asubuhi. Karibu na Otterndorf tukapitwa na bibi kizee juu ya baiskeli yake, mbwa kwenye kikapu, akatusalimu bila hata kuhema. Hinrich akasimamisha baiskeli, akashuka, akaketi majanini katikati ya kondoo, mapaja yanamtetemeka. Nilikuwa na kipande cha keki mkononi, nikakimeza bila kutafuna.

"Nimekwisha, bibie," akasema.

"Ni upepo tu, mzee."

"Upepo wa mwaka jana ulikuwa hivi hivi." Akaniangalia kitambo. "Pole kwa kukuchosha."

"Sijachoka sana," nikamjibu, Mungu anisamehe.

Tulimalizia safari kwa treni. Bahari hatukuigusa, tuliitazama mkahawani pa stesheni, kwenye picha ya ukutani. Tangu hapo ameacha kupiga mluzi. Alikwenda kupimwa moyo, daktari akamwambia ana moyo wa farasi wa mkokoteni, akamuuliza, "Kwani huwa unakokota nini?" Hinrich akajibu ni baiskeli tu. Badala ya kushukuru akaamua daktari bado mtoto, hajui kazi. Sasa anakaa jikoni anasoma matangazo ya vifo gazetini na kuwatafuta waliozaliwa baada yake. Mwanetu Malte akashauri tufunge mota, Hinrich akasema mota ni ya wazee, kisha akasema, "Basi ndiyo, ni ya wazee," akaenda kulala jua bado liko juu. Siku ya pili akatangaza kuiuza baiskeli.

Nimejaribu kumwambia, nakuapia. Juzi mezani nilianza.

"Hinrich, nina jambo. Ni kuhusu baiskeli."

"Nimeshasema nauza."

"Si hilo la kuuza."

"Kama si hilo, ngoja taarifa ya hali ya hewa iishe."

Ilipoisha, ujasiri nao ulikuwa umeisha. Naumia, Bi Almut, namwona anazeeka jikoni kwa sababu yangu. Nimweleze kwamba hajaisha, ila amekuwa akimvuta mwanamke mzima na keki yake mpaka baharini, halafu nimkose kwa hasira zake? Au ninyamaze, baiskeli iende, aendelee kuamini kwamba nguvu zimemwishia?

Wa Nyuma, Stade

*

Wa Nyuma,

Barua yako niliisoma kwa sauti hapa ofisini na mhariri akalazimika kutoka nje. Haya, tumeshacheka. Sasa acha nikuseme.

Wewe ni mvivu, tena mvivu mwenye sauti. Umebebwa kama gunia la viazi, na njia nzima unaimba. Mtu anayeshindana na upepo wa Elbe anapata wapi pumzi ya nyimbo za kwaya? Hata kudanganya kwenyewe hukujisumbua kudanganya vizuri.

Mimi nimewahi kukaa mbele. Mume wangu wa kwanza alikuwa bingwa wa kuweka miguu tu, kama wewe. Na nikuambie, wa nyuma akiacha kukanyaga, wa mbele anajua kabla ya kona ya kwanza, ni sawa na kuvuta toroli lililoshika breki. Wangu nilimvuta mpaka Wischhafen, nikampandisha kivuko peke yake, na sijauliza alishukia wapi. Hinrich wako kivuko anakiona kila mwaka, na kila mwaka anakipita na wewe mgongoni.

Maana Hinrich anajua, mama. Soma barua yako mwenyewe. Umeniambia juu ya tuta hakuna gari, ni kondoo tu. Halafu unaniambia amefunga kioo cha kuangalia magari. Magari gani? Kioo kile kinakuangalia wewe. Tangu alipokifunga anakuona unavyokula, unavyoimba, unavyohema kwa uongo kwenye mageti, na kila Pentekoste anaamka mapema kwenda kukununulia keki nyingine. Barua zinazokuja kwenye meza hii ni za wanaume wa aina nyingine kabisa, kwa hiyo niliposoma hapo nami nilitoka nje kidogo, na si kwa kicheko.

Lakini miguu nayo ina umri. Amefika mahali hawezi tena, na anaona haya kukuambia, kwa kuwa ni yeye aliyesema "mimi nipo". Wanaume wetu wa huku hawaombi msaada, wanauza baiskeli. Pale majanini alikuambia, "Pole kwa kukuchosha." Lile lilikuwa geti la wewe kusema kweli, dada yangu. Ya kondoo yote umeyafungua, hilo moja ukalipita na mdomo umejaa keki.

Basi sikiliza. Leo hii wapigie simu watu wa Hamburg, waambie baiskeli ni mbovu upande wa nyuma na fundi amepatikana. Malte abaki na mota yake. Usimwangukie mumeo mezani kwa machozi, atakuambia usubiri hali ya hewa. Na usihangaike kulificha gazeti: ukurasa huu umechapwa mgongoni mwa matangazo ya vifo, kwa hiyo huenda ameshaugeuza, na ukiona anachekea kikombe chake cha kahawa, mwache acheke. Ni haki yake.

Jioni toa baiskeli bandani umwambie, "Mzee, twende mara moja mpaka mashamba ya matufaha." Panda nyuma, acha mkoba nyumbani, na ukanyage kuanzia mzunguko wa kwanza, kwa nguvu zote, bila wimbo. Mapaja yatawaka moto. Yaache yawake, yana madeni. Ukishindwa sema "nimechoka", mpumzike, mpande tena. Fanyeni hivyo kila jioni mpaka Pentekoste, kisha mtoke bandarini kama kawaida yenu, na keki mtaila mkifika Cuxhaven, mkiwa mmekaa chini wote wawili.

Hiyo jioni ya kwanza ataisikia baiskeli inakimbia. Atatazama kwenye kioo, aone huli chochote, ashangae, na atakuuliza kuna nini huko nyuma. Usijieleze. Mwambie goti limepona.

Bi Almut