Kadi Iliyobaki Sandukuni

Bagamoyo,
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama, na Tumsifu Yesu Kristo. Natamani barua hii ikukute umeketi, miwani unayo, na mgongo umekupumzisha kidogo. Baridi ya Mbinga vipi mwaka huu? Huku jasho linatutoka tangu asubuhi, na bado wenyeji wakiona wingu moja wanavaa sweta. Mjukuu wako Eliza hajambo. Kiswahili chake sasa ni cha pwani kabisa, ananisahihisha hata mimi mama yake.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe simu unaiweka sauti kubwa, na nyumba nzima inasikiliza pamoja na majirani. Haya ni ya kwako kwanza. Ukishayasoma utaamua mwenyewe nani wa kumwambia.

Unakumbuka mwaka jana nilianguka hapa jikoni shuleni, mbele ya sufuria ya maharage, wakanikuta na presha. Tangu hapo nakwenda kliniki ndogo iliyo karibu. Kila mwezi wananipima, daktari anaandika dawa za mwezi mzima, nazichukua palepale dirishani. Daftari la matibabu nakaa nalo mimi, lakini kadi yangu inabaki kwao, ndani ya sanduku refu la mbao lililogawanywa kwa siku za mwezi. Ukienda siku yako, nesi anaichomoa na kuihamishia siku yako ya mwezi ujao. Nililiona sanduku lile mara nyingi bila kulitilia maanani.

Basi mwezi uliopita sikwenda. Kichwa hakikuuma, miguu ilikuwa myepesi, nikasema dawa za nini tena. Siku yangu ikapita. Kesho yake nasonga ugali wa wanafunzi, simu inaita. Ni nesi wa pale, Bi Mwanahawa, mama wa makamo, mzaliwa wa hapahapa.

"Editha, kadi yako imelala hapa peke yake. Umesafiri?"

"Nipo, Bi Mwanahawa. Ila siku hizi najisikia vizuri."

"Nani kakupima, huo mwiko wako?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Unajisikia vizuri kwa kuwa ulikuwa unakunywa dawa, mdogo wangu. Vidonge vimebaki vingapi?"

"Vilikwisha juzi."

"Juzi! Mwachie mwenzako huo ugali, uje."

Nilikwenda na aproni yangu vilevile. Daktari akatazama namba za kile kipimo mara mbili, akaniambia presha imepanda karibu sawa na siku ile niliyoanguka. Na mimi nilikuwa sisikii chochote. Chochote kabisa, Mama.

Nikapewa dawa, nikaambiwa nikae kwenye benchi nipimwe tena. Ndipo nikamwangalia Bi Mwanahawa. Alizipanga mbele yake kadi zote zilizobaki za jana, akawa anapiga simu, moja baada ya nyingine. Mzee mmoja wa Zinga alikuwa shamba, akapokea mkewe. "Basi shemeji, lete wewe daftari lake umchukulie dawa kabla ya Ijumaa, lakini wiki ijayo nimwone mwenyewe. Mwambie asipokuja nitamfuata hukohuko kwenye mihogo yake." Mwingine hakupokea. Bi Mwanahawa akaandika jina kwenye karatasi, akasema atapita kwake akirudi nyumbani, ni njia moja. Hakuiacha hata moja. Watu wale si ndugu zake, Mama. Mimi nimetoka milimani, ukoo wangu haujui, na nilipokosekana siku moja tu, aliona. Nilikaa pale nikahisi kama niko kanisani wakati wa mageuzo, pale hata watoto wananyamaza.

Halafu nikamkumbuka marehemu Kosmas wangu, machozi yakanitoka mbele za watu.

Mama, siku tulipokuwa tunakunja nguo zake uliniuliza kama mwanao alikuwa anakunywa dawa zake za presha. Nilikujibu, "Ndiyo Mama, kila siku." Nilikudanganya. Asubuhi ile nilikuwa nimefungua droo ya cherehani yake kutafuta sindano, nikakuta vifuko vinne vya dawa chini ya nyuzi na chaki. Havijafunguliwa. Kumbe alikuwa anakunywa siku za kuumwa kichwa tu. Nililala naye kitanda kimoja. Nilikuwa naelewa kila neno lake hata akisema na pini mdomoni. Na hilo sikuliona. Nikaona aibu, nikajiuliza mimi ni mke gani. Vifuko nikavitupa chooni, kisha nikaja kwako na lile jibu.

Sasa wifi yangu Salesia ameniambia kwamba na wewe umekutwa na presha, na dawa umezipandisha juu ya kabati, unasema ndizo zilizomuua Kosmas. Hazikumuua, Mama. Hakuzinywa. Unaziogopa kwa sababu ya uongo wangu.

Nakuomba Jumanne uende zahanati na Salesia. Upimwe upya kwanza, usianze tu na hizo za juu ya kabati. Ukipewa za mwezi, usingoje ziishe, zikibaki za wiki moja rudi na daftari. Mgongo ukikataa, mtume Salesia na daftari lako, aulize kama watampa. Na siku yako ya kurudi nijulishe, nitaiandika ukutani karibu na yangu, nitapiga simu. Hiyo unaweza kuiweka sauti kubwa.

Msalimie Salesia na mumewe. Msalimie baba mdogo Anton, aliyesimama na sisi msiba wote, na mama wa ubatizo wa Eliza, mwambie gauni la komunyo limemtosha vizuri. Mwalimu wa kwaya naye nisalimie, sijasahau sauti yangu.

Najua utanikasirikia. Nikasirikie, Mama, ni haki yako. Ila unikasirikie miaka mingi.

Mimi mkweo,
Editha, mama yake Eliza