Bendera Uani kwa Mzee Manase

Jumatano, 4 Juni 2025
Nimesafisha stoo ya baba mkwe, Mzee Manase, tuweke alizeti. Ndani ya sanduku lake la jeshini — kitambaa chekundu, katikati kiganja cheupe na mwezi mchanga. Kinanuka panya! Nikakifua, nikakianika uani. Ni cha nini? Ningekuwa binti yake ningemuuliza. Mkwe haulizi.

Alhamisi, 5 Juni
Balaa! Jirani yetu Marietha kakiona. Kufika jioni Iguguno nzima inajua: Mzee Manase ana kitambaa cha kichawi, chenye mkono wa mtu. Mzee wa kanisa! Kakianua mwenyewe. Mimi ndiye niliyemponza.

Ijumaa, 6 Juni
Nimeperuzi mpaka bando limekata. Ni bendera! Kisiwa cha Anzuani, Komoro. Mwaka 1997 walijitenga wakajiita nchi. Hakuna taifa lililowatambua. Nchi ina bendera, haina wa kuisalimia! Nimecheka peke yangu jikoni. Wakarudi kundini, wakagoma tena, na Machi 2008 majeshi ya Afrika yakaenda kuwarudisha, ya kwetu yakiwemo. Mzee alikuwa jeshini bado. Sasa — alipewa? Aliokota? Nani aliishona?

Jumamosi, 7 Juni
Nimemtuma mume wangu Elisha, yuko Mitundu, amuulize babake kwa simu. Kajibiwa kwa shida: aliiteremsha mwenyewe, akaificha kwenye begi. Mwanajeshi habebi kitu cha vitani, ni wizi. Anaona aibu zaidi kuliko anavyoogopa. Lakini akinyamaza ni mchawi! Na huku jina hilo likishakushika, hata wajukuu wanalirithi. Namwonea huruma sana.

Jumapili, 8 Juni
Kikao baada ya ibada. Mchungaji kauliza mara mbili: kitambaa kile ni nini? Marietha anataka avuliwe uzee wa kanisa leo hii. Ndipo Mzee akageuka — kwangu! Tangu niolewe hajawahi kuniita mbele za watu. "Mwanangu, wewe umesoma. Waambie."

Mchungaji kasema tunywe chai kwanza. Naandika nyuma ya jiko la kanisa. Nikisema ni bendera, watauliza aliipataje. Nimempigia Elisha: niseme alipewa zawadi? Kajibu: baba hawezi kudanganya kanisani.

Kumbe ndiyo maana kanipa mimi nimsemee.

Wanaita. Chai yangu sijainywa.