Jembe la Ukutani

Mjukuu wangu Neema,

Huku Karatu hatujambo. Mahindi yamebeba vizuri, ila babu yako analalamika kwamba siku hizi hupigi simu.

Umeuliza kwa nini lile jembe la ukutani silitumii. Miaka ya sabini, kwenye shamba la kijiji cha ujamaa, tulishindanishwa kupalilia maharage, na zawadi ilikuwa jembe jipya. Nilipoona rafiki yangu Paskalina ananitangulia, niliacha kung'oa magugu, nikawa nayafukia tu kwa udongo. Nikamaliza wa kwanza, nikapigiwa makofi.

Mvua iliponyesha, magugu yakachomoza kwenye mistari yangu yote. Asubuhi moja nilimkuta Paskalina ameinama hapo, anapalilia upya kwa jembe lake lililolika hadi likabaki kama kijiko.

Nilikimbia nyumbani, nikamletea lile jipya. "Chukua, dada. Ni lako."

Hakuinua hata uso. "Si wewe uliyeshinda?" akasema, akaendelea kupalilia mstari wangu.

Paskalina tulimzika mwaka jana. Jembe lile halijagusa udongo mpaka leo.

Ni mimi bibi yako, ninayekukumbuka sana.