Mti wa Nyangeta na Nyuki Wadogo

Jumatatu, 13 Februari 1984
Nimefagia tena. Nyuki kumi na saba chini ya mzinga. Jana tisa. Ni wale wadogo wasiouma. Mzinga wenyewe ni gogo, nililitundika Desemba kwenye mti wangu wa kibobakasi ili wawe karibu na maua. Chai bila sukari. Dukani hakuna tangu Krismasi. Asali nusu yangu, nusu ya mama yake Magesa, jirani yangu. Bibi huyo ana kifua kibovu.

Jumatano, 15 Februari
Ishirini na wanne. Pamba ya Magesa iko hatua arobaini kutoka kwenye mzinga. Mwaka juzi nilimwona akipiga dawa kwa lile bomba lake la mgongoni. Dawa ya pamba inaua nyuki, hilo nimelisoma. Nimemshtaki kwa balozi wa nyumba kumi. Sijutii.

Alhamisi, 16 Februari
Kibobakasi kimechanua chote, chekundu mpaka kileleni. Tulipohamishwa kutoka Mugango mwaka 1974, mke wangu Nyangeta alichimba chipukizi la mti wa uwanjani kwetu, akalifunga na udongo wake kwenye kanga, akalipakata ndani ya lori mpaka huku karibu na Butiama. Masufuria yalibaki. Kanga hiyo ilikuwa mpya. Amefariki miaka sita sasa. Mti umepita paa la nyumba.
Nyuki thelathini na mmoja.

Jumamosi, 18 Februari
Kikao kwa balozi. Faini iliyotajwa ni mbuzi. Magesa anaye mmoja tu. Alikuja amebeba bomba, akalifunua mbele ya watu. Ndani nyasi na mayai manne.
"Dawa ipi? Ushirika haujaleta hata tone tangu mwaka jana. Kuku anatagiaga humu."
Watu walicheka sana. Yeye hakucheka. Akanigeukia.
"Mzee wa vitabu, mama yangu anapumua kwa asali yako. Mimi nitawauaje hao nyuki?"
Nilisema mayai si ushahidi. Nilisema hivyo kwa sauti. Balozi ameahirisha shauri kwa wiki moja. Nimerudi peke yangu.

Jumapili, 19 Februari
Sikwenda kanisani. Nilikuwa nafagia maua yaliyoanguka, moja likapasuka mkononi. Nyuki watatu ndani, wamekufa kwenye ule ute ulio ndani ya kikombe cha ua. La pili, watano. Nimepasua maua ishirini. Kumi na sita yalikuwa na mizoga, chavua bado iko miguuni. Sijui kama kinachoua ni chavua au ute. Kitabu changu cha nyuki hakisemi.
Nimekumbuka jambo. Kule Mugango, baba alitundika mizinga yake yote upande wa ziwani, mbali kabisa na mti ule. Nilidhani anafuata upepo. Sikumuuliza. Sasa hakuna wa kumuuliza.
Nyuki niliwaua mimi, Desemba, kwa kamba na ngazi.

Jumatatu, 20 Februari
Nimekwenda kwa Magesa na maua kwenye ungo. Nimemwomba radhi mbele ya mama yake, kisha tukaenda wote kwa balozi nikarudia. Mara ya pili haikuwa rahisi kuliko ya kwanza.
Magesa alilipekua kila ua. "Kwa hiyo mbuzi anatozwa nani sasa? Mti?"
Nikamwambia shoka liko nyumbani, aje akate, mimi siwezi.
"Mti wa mama Nyangeta ule. Siugusi. Hamisha nyuki, mzee."
Kuwasogeza hapa kijijini hakusaidii, wataurudia. Mugango, basi. Dada yangu ameolewa kulekule, hakuhamishwa. Mti wa zamani, ulikotoka huu, ulishakatwa kuni. Asali ya bibi itatoka kwa dada.

Alhamisi, 23 Februari
Alfajiri, nyuki wakiwa wote ndani, Magesa ameziba tundu la mzinga kwa kipande cha kanga na kuufunga nyuma ya baiskeli yake. Alitaka kujua kama nina salamu za Mugango. Nilimwambia aendeshe polepole kwenye mawe.
Karibu saa nne watakuwa wamefika.
Nimefagia chini ya mti. Maua tu.