Yaya, Sikuonja Maji ya Kusuuza

Yaya Zaina,

Salamu zangu zikufikie kule Mwenyezi Mungu alikokupumzisha. Huku Kindu tuko wazima, ila moyo wangu hautulii, na muntu wa kumwambia ni wewe tu, dada yangu mukubwa wa tumbo moja.

Tangu tukuzike, mimi njo ninasimama pahali pako, pale atelie ya plastiki, mutaa wa Kasuku. Mashini inasaga bidoni, yale madumu makuukuu, vipande tunaviosha kwa majivu na sabuni, tunavisuuza mara tatu. Wewe ulikuwa unachota maji ya mwisho, unaonja kwa ncha ya ulimi, unatema. Yakiwasha, tunarudia kuosha. Hata mwezi wa kufunga ulionja. Nikishangaa, unanicheka: "Kutema si kumeza, weye shehe wa kike!"

Yaya, Ramazani hii sikuonja. Niliogopa tone likipita, saumu iharibike. Nikanusa tu, nikasema iko safi. Vipande vikayeyushwa, vikawa vikombe vya watoto wa madrasa. Vilipokwisha kugawanywa, Mama Feza, yule tunayeosha naye, akaniambia bidoni zile zilitoka Punia, kwa wachimbaji wa madini, na moja ilikuwa na picha ya fuvu, alama ya sumu.

Nilimwendea patroni, mwenye atelie. Akacheka: "Mama, moto umekwisha kuua yote. Ukipiga kelele atelie itafungwa, utakula nini?" Nikarudi kuosha vipande siku nzima. Siku nzima, Yaya, na watoto wanakunywa!

Halafu nikakumbuka miaka ya vita, treni haiji, na ile bidoni tuliyookota askari walipohama. Tuliisugua na muchanga na majani ya papai. Ulikunywa maji yake wewe kwanza, ukatuzuia sisi wadogo mpaka jua likapinda. Mudomo wako ukavimba siku tatu. Ukasema, "Afazali mudomo wangu moja kuliko yenu tano."

Basi juzi nilikwenda kwa maalimu wa madrasa, nikaeleza yote mbele ya wazazi. Mama mumoja akanirukia: "Saumu yako njo ilikuwa ya bei kuliko mutoto wangu?" Nikamuomba maalimu majina ya watoto wote waliopewa vikombe.

Tangu pale ninapita nyumba kwa nyumba kuvikusanya. Vikombe thelathini na tatu vimerudi. Saba bado. Kimoja kilipanda pirogi, mutumbwi wa kuvuka, pamoja na mutoto, kiko ng'ambo ya muto Lualaba kwa bibi yake. Hakuna aliyeugua, alhamdulillahi, lakini nikisikia mutoto anakohoa njiani, ninasimama mpaka anyamaze. Patroni amenifukuza. Hilo halinisumbui sana... linanisumbua, lakini si leo.

Mungu alitie nuru kaburi lako. Mimi ninavuka asubuhi hii. Nakuahidi vyote saba, Yaya, hata kama mutoto atalia nikimunyang'anya.

Mudogo wako,
Asha