App Tatu za Kitaliano kwa Sababu ya Deo

Jumanne. Joto la leo halina adabu, na mimi pia.

Nimefuta app mbili za Kitaliano kwenye simu, imebaki moja. Naandika hapa kwa sababu nyumbani wamechoka kunisikiliza.

Juzi alikuja Mtaliano aliyetuuzia mashine ya kubangua korosho kule Ruangwa, ninakofanya kazi ya ufundi. Akakiona kisu kipya cha mashine, akakipapasa, akauliza kitu. Kisu kile nilikichonga mimi, siku tatu, kwa tupa, kutoka springi ya lori bovu. Deo, mkalimani wetu, aliyeokota Kitaliano chake kwa mapadri wa misheni, akajibu huku akijigusa kifua. Mtaliano akampa mkono.

Hilo halikuhitaji mkalimani.

Na nakiri, mimi niliendelea kukaza nati.

Baada ya wiki nane anarudi kuchagua fundi mkuu wa mashine zake zote, Ruangwa na kwetu Nachingwea. Siku hamsini na sita. Ndiyo nikaingia kwenye app.

Ya kwanza bila mtandao haifunguki, na pale kwenye mashine mtandao unaupata ukipanda kichuguu. Ya pili iliniuliza najifunza kwa nini: utalii, mapenzi au mapishi? Ugomvi haumo. Ikanipa kasa, mwavuli, jibini. Nati hakuna, grisi hakuna. Tena zote mbili zinafundisha kwa Kiingereza. Yaani mimi Mmwera, niliyechapwa viboko shuleni ili nijue Kiswahili, nipitie kwa Mwingereza ndipo nifike kwa Mtaliano.

Ya tatu ina sura mbaya na haina somo hata moja. Unaingiza maneno yako, inakusomea. Basi. Nimefungua kitabu cha mashine: kila kifaa kimechorwa, kina mshale na jina lake la Kitaliano. Vifaa sitini na tatu. Nikishika vinane kwa siku, namaliza kwa siku nane, zinabaki arobaini na nane za kusema nani alitengeneza nini.

Ile ya pili, kabla sijaifuta, iliniachia sentensi moja ya maana: keki hii nimetengeneza mimi. Nimetoa keki, nimeweka kisu.

Leo mchana nimeisema kwa sauti mbele ya mashine. Deo akageuka.

"Umesemaje, fundi?"

"Subiri mgeni wako arudi. Atakutafsiria."

Hakucheka.

Kesho vifaa vinane.