Nusu ya Kipindi cha Dawa

Jumatatu, 6 Mei 1996
Mawe ya redio, betri zile zile kuukuu, yako juani tena, yote manne, juu ya bati la banda la kuku. Yakipata joto yatasukuma hadi jioni. Wiki ya tano leo tangu niwe mke wa Barasa! Mke wa Barasa. Nimeandika mara mbili kama mtoto wa shule. Ameondoka alfajiri na trekta lake la miwa. Kanibusu mbele ya mama yake. Nilitaka ardhi inimeze. Nilitaka arudie.

Saa kumi kuna kipindi cha daktari. Majina ya dawa nayaandika nyuma ya daftari langu la kidato cha nne. Majirani huja kuuliza: hii ya kikohozi, ngapi kwa siku? Wananiita daktari wa redio. Napenda. Kwa nini nidanganye, napenda sana.

Jumanne, 7 Mei
Barasa karudi mapema. Anatetemeka. Blanketi mbili na bado. Ati ni baridi ya kukosa mkono wangu. Mjinga wangu mzuri. Nimempa klorokwini.

Jumatano, 8 Mei
Homa imezidi. Nimeomba kipindi kizungumzie malaria, na kimezungumzia! Kuna vidonge vipya. Vitatu, mara moja, basi. Nikaandika jina. Daktari akaendelea, "Lakini kabla ya kumpa mgonjwa..." Sauti ikawa nyembamba, ikakatika. Nimeyagonga mawe, nimeyang'ata. Kimya.

Kipindi hurudiwa Jumamosi. Nani angoje Jumamosi?

Nimekimbia hadi duka la Shianda. Vipo. Mama mkwe akauliza, "Mwanangu, umesikia mpaka mwisho?" Nikasema ndiyo. Yeye hakusoma. Anaamini daftari langu. Barasa kameza vyote vitatu akinitazama mimi, si vidonge.

Alhamisi, 9 Mei
Midomo imevimba. Macho yanafunga. Upele mwekundu kifua kizima. Mama mkwe analia: "Alivimba hivi hivi darasa la sita, walipompa dawa shuleni!"

Sikujua. Sikuuliza.

Dereva mwenzake kaleta trekta. Tumemlaza kwenye trela tupu, juu ya makapi ya miwa, kichwa chake mapajani mwangu. Sijui kwa nini nilibeba daftari. Akifa nimemuua mimi.

Ijumaa, 10 Mei
Yu hai. Yu hai.

Jana sista wa hospitali aliuliza kameza nini. Nilifungua daftari, nikaonyesha jina. Kumbe ni dawa ya salfa, na mwili wake haupatani nayo. Walimdunga papo hapo. Sista anasema wengi hufika na habari ya vidonge vyeupe tu, wasijue ni vya dawa gani. Ati daftari limewasaidia. Sikustahili sifa hiyo.

Nimemwambia mama mkwe ukweli. Kwamba redio ilikatika. Kwamba nilidanganya. Nilitamani anipige. Badala yake akanifunga leso yake mabegani.

"Mimi nilijua ya darasa la sita," akasema. "Sikuyasema. Wewe ulikuwa na nusu, na mimi nusu."

Tumelia pamoja kwenye benchi la wodi.

Jumamosi, 11 Mei
Mawe mapya. Tumesikiliza pamoja, mama mkwe na mimi, magoti yakigusana. "Lakini kabla ya kumpa mgonjwa, muulize kama kuna dawa iliyowahi kumvimbisha au kumtoa upele." Hivyo tu. Muda wa kumenya kitunguu. Nimeandika kwa herufi kubwa, juu ya majina yote.

Jumapili, 19 Mei
Barasa yuko nyumbani. Ngozi ya midomo inambanduka na bado ni mzuri kupita wote kanisani. Mama mkwe kachinja kuku. Firigisi ni ya mwenye nyumba, kila mtu anajua. Barasa kaiweka kwenye sahani yangu. "Mwanangu amelogwa," akasema mama yake, akanisogezea ugali.

Alasiri kaja jirani kuuliza vile vidonge vipya, vya mumewe. Daftari lilikuwa mapajani. Nikamuuliza kwanza: amewahi kuvimba kwa dawa yoyote? Hajui. Nikamwambia akamuulize mama mkwe wake, kisha ampeleke mumewe hospitali.

Kaondoka bila jina la dawa. Hakuniita daktari.

Mvua imeanza. Nimeingiza redio ndani. Barasa amelala, mkono wake kwenye goti langu, nami naandika kwa mkono mmoja, mwingine uko juu ya wake.